Hodi Isiyo na Karibu

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Walionena hayo walimfikiria mgeni mwenye miguu, aliyetoka safarini na vumbi viatuni na habari mdomoni. Hawakumfikiria mgeni asiye na mwili, anayeishi ndani ya kipakatalishi, aliyeletwa huko na mwenyeji mwenyewe, akatengewa sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya nguvu za prosesa, kisha akakaa siku mbili nzima bila kuisikia sauti ya mwenye nyumba wala mwenye nyumba kuisikia yake. Habari za mgeni wa aina hiyo ndizo zinazosimuliwa katika kurasa hizi.

Mahali penyewe ni Kisauni, Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, katika chumba cha kupangisha chenye dirisha moja lililoelekea ukuta wa jirani. Wakati wenyewe ni mwezi wa Machi mwaka 2022, kabla ya masika kuanza, joto likiwa limeganda chumbani kama uji uliosahaulika sufuriani. Mpangaji alikuwa msichana wa mwaka wa nne aliyesomea mitandao ya tarakilishi. Jumatatu saa nne asubuhi alitarajiwa kusimama mbele ya jopo la wahadhiri watatu na kuonyesha mradi wake wa kuhitimu. Mradi huo ulikuwa programu ndogo ambayo ingebisha hodi kwa ruta kadhaa, moja baada ya nyingine, ikaingia, ikanakili usanidi wa kila moja na kuuhifadhi, ili siku ruta ikiharibika fundi asilazimike kuanza upya. Msimamizi wake aliupenda mradi ila aliweka sharti moja: programu ionekane ikifanya kazi, isisimuliwe.

Sharti hilo ni rahisi kwa mwenye ruta. Chuoni kwao ruta za chuma zilikuwepo, lakini zilikuwa chache kuliko wanafunzi waliozihitaji, na maabara ilifungwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Kununua hata moja iliyokwisha kutumika lilikuwa jambo la kuotwa tu, maana fedha za kodi ya chumba zenyewe zilipatikana kwa kuunga-unga. Ndipo akageukia ruta pepe.

Msomaji asiyezoea mambo haya huenda akauliza ruta ni nini, na ruta pepe ndiyo nini tena. Ruta, ambayo wanaistilahi huiita kipanga njia, ni kifaa kinachopokea pakiti za data kutoka mtandao mmoja na kuamua zipitie wapi kufika mtandao mwingine. Ndani yake mna prosesa, kumbukumbu na programu ya kuiendesha, sawa na tarakilishi yoyote. Mwaka 2005 Mfaransa Christophe Fillot alianza kuandika programu iitwayo Dynamips, ambayo huigiza umbo la ndani la ruta za Cisco, hasa zile za kundi la 7200, hivi kwamba programu halisi ya ruta huamini imo ndani ya chuma chake. Miaka michache baadaye Jeremy Grossmann na wenzake wakaleta GNS3, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008, ambayo humwezesha mtumiaji kuziburura ruta hizo kwenye kioo na kuziunganisha kwa mistari kana kwamba anachora ramani ya kijiji. Dynamips na GNS3 hupatikana bure. Programu ya ndani ya ruta yenyewe si ya bure, na anayeitumia anapaswa kuwa na idhini yake. Wengi hulipitia jambo hili kimya kimya. Msichana huyu alikuwa ameipata ya kwake kupitia idara, kwa sahihi na tarehe.

Tatizo la kwanza lilikuwa joto, na wala si lile la Mombasa. Ruta halisi isipokuwa na kazi huzunguka katika kitanzi cha kusubiri. Dynamips haitambui kuwa kuzunguka huko ni mapumziko, kwa hiyo huiga kila mzunguko kwa bidii yake yote, kama ngamia wa kinu cha simsim ambaye hajaambiwa kuwa mafuta yamekwisha. Ruta moja iliyokaa bure hutosha kuila prosesa nzima. Dawa yake ni thamani iitwayo idle-pc, inayoionyesha programu mahali kitanzi kilipo ili ilale kidogo kila inapopafikia. Alipoipata thamani hiyo, pangaboi ya kipakatalishi iliacha kupiga mbinja, na ruta zake tatu, alizozipa majina R1, R2 na R3, zikawa zinazungumza kwa utulivu. R1 iliifikia R2, R2 ikaifikia R3. Kijiji kilikuwa kizima, ila hakikuwa na njia ya kuingilia wala ya kutokea. Programu yake ilikuwa upande wa mwenyeji, yaani katika mfumo wa Linux ulioendesha kipakatalishi, na mwenyeji hakuwa na njia ya kukifikia kijiji hicho.

Istilahi hizi za mwenyeji na mgeni hazikubuniwa na Waswahili, lakini zilipopiga hodi katika lugha yao zilikuta nyumba imekwisha kufagiliwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu za mwandishi wa barua zikasomeka kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, kazi za namna hiyo aghalabu huishia kwenye menyu. Dirisha jeusi la amri, ambamo mambo ya mitandao huamuliwa, limebaki likisema lugha yake lenyewe, na anayeingia humo huacha Kiswahili chake mlangoni pamoja na viatu.

Usiku wa kwanza, Ijumaa, msichana alifanya kile ambacho wengi hukifanya kwanza. Ndani ya GNS3 kuna alama ya wingu inayowakilisha ulimwengu wa nje. Alichora mstari kutoka R1 hadi kwenye wingu, akalifunga wingu kwenye kadi ya Wi-Fi, ambayo wakati huo ilipata mtandao kutoka kwa rununu yake mwenyewe. Akaipa R1 anwani katika mtandao ule ule wa rununu. Kisha akaandika amri ya ping.

Amri hiyo haifanyi lolote zaidi ya kupiga hodi. Hutuma pakiti ndogo inayosema nipo hapa, nawe je? Aliyefikiwa hujibu kwa pakiti kama hiyo. Ruta za Cisco hupiga hodi tano kwa mpigo, na kwa kila hodi huandika alama moja: ya mshangao iwapo karibu imesikika, nukta iwapo muda umepita kimya. R1 iliandika nukta tano. Akarudia. Nukta tano. Akabadilisha anwani, akazima ruta na kuiwasha, akasoma maelezo, akarudia, na kioo kikajaa nukta kama mchele uliomwagika. Akajaribu kuiunga kadi ya Wi-Fi kwenye daraja, yaani swichi ya kimaandishi ambayo Linux huweza kuijenga ndani kwa ndani. Kiini cha Linux kikakataa papo hapo kwa jibu la maneno matatu ya Kiingereza, kwamba jambo hilo haliauniwi. Hakikueleza sababu. Ilikuwa saa nane za usiku na bando la rununu lilikuwa linakatika.

Alitoka nje kupunga hewa. Langoni mwa ploti alikuwapo bawabu, mzee aliyekwisha kuona wapangaji wengi wakija na kuondoka, ameketi juu ya kiti cha plastiki, daftari la wageni likiwa magotini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hulali? Taa yako yawaka tangu magharibi."

"Nina mgeni, babu. Anabisha, na hakuna anayemwitikia."

Mzee aligeuka akaliangalia lango, komeo likiwa mahali pake. "Mgeni gani? Kwangu hapa hakupita."

Msichana alicheka, akajaribu kueleza. Eleza mtandao kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mtandao, tena kwa Kiswahili, saa nane za usiku! Alisema mgeni hakuingia kwa miguu, alizaliwa humo humo chumbani. Sasa anataka kutoka nje kwa kutumia njia ya mwenye chumba, na huko nje hawamjibu.

"Aliandikishwa?" mzee aliuliza, akalipapasa daftari. "Mimi mpangaji namjua. Mgeni wake nitamjua akiandikwa humu. Asiyeandikwa, hata aje na salamu za mpangaji, simfungulii. Ndiyo kazi niliyopewa."

Hakuwa anatoa fumbo. Alikuwa anaeleza kanuni za lango lake. Lakini msichana alisimama pale pale kwa muda, kisha akaaga na kurudi chumbani kwa haraka. Katika Wi-Fi, kadi haiwezi kutuma chochote kabla haijajiandikisha kwa kituo kinachoipa mtandao, na hujiandikisha kwa anwani yake ya MAC, ile inayoitambulisha kadi moja na nyingine. Kituo hupokea pakiti za walioandikishwa tu. R1 ilikuwa na anwani yake ya MAC, tofauti na ya kipakatalishi, na anwani hiyo haikuwahi kuandikwa popote. Kila hodi yake ilitupwa na rununu, bawabu wa mtandao ule, bila hata kutazamwa mara mbili. Kukataa kwa kiini cha Linux nako kukaeleweka: daraja hupitisha pakiti kwa anwani za wenyewe waliozituma, na Wi-Fi ya kawaida haina nafasi ya kumbeba mtu wa pili kwa jina lake.

Kwa hiyo Jumamosi aliiacha Wi-Fi, akaazima swichi ndogo ya milango mitano na nyaya mbili kwa jirani yake, kijana anayetengeneza rununu karibu na stendi ya matatu. Waya hauna daftari la wageni. Wingu likafungwa kwenye kadi ya waya, kipakatalishi kikachomekwa kwenye swichi, na tarakilishi ya jirani ikachomekwa pia. Mwenyeji alipewa 192.168.50.1, jirani 192.168.50.2, R1 ikapata 192.168.50.3.

"Kaka, hebu ipigie ya tatu."

"Imejibu, dada. Imejibu zote."

Furaha ilidumu muda wa kumeza mate. Aliporudi kwenye kioo chake na kuipigia R1 hodi kutoka kwa mwenyeji, alipata kimya. Akampigia jirani, jirani akajibu. Akamwomba jirani aipigie R1 tena, ikajibu. Ni kama watu watatu walioketi mkeka mmoja: wa kwanza azungumza na wa pili, wa pili azungumza na wa tatu, ilhali wa kwanza na wa tatu hawasikiani, na hao wawili wasiosikiana ndio wanaokaa ndani ya mwili mmoja.

"Labda kasoro ni yako wewe, dada," jirani alisema, kwa nia njema kabisa. "Mgeni wako mzima huyu."

Hapa ndipo panapostahili kukaliwa kitako, kwa kuwa ndipo wengi hupotezea siku zao. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba viumbe viwili vinavyotumia kadi moja ya mtandao lazima vionane. Ruta pepe ikifungwa moja kwa moja kwenye kadi ya waya, pakiti zake hukabidhiwa kadi ili zitupwe nje, kwenye waya. Mfumo wa mwenyeji nao husikiliza kinachoingia kutoka kwenye waya, wala hausikilizi kinachotoka. Kwa hiyo neno la mgeni hupita mlangoni likielekea barabarani na kumpita mwenyeji aliyesimama ndani, uso wake ukiwa umeelekea barabarani akisubiri litakaloingia. Je, swichi haiwezi kulirudisha? Haiwezi. Swichi hairudishi pakiti kwenye mlango ule ule ilikoingilia, na mwenyeji na mgeni wote wawili wanatumia mlango mmoja wa swichi. Neno hilo humfikia jirani na ulimwengu wote, lakini halimfikii yule aliye karibu nalo kuliko wote.

Mambo ya namna hii yamewahi kuikumba nchi nzima. Kabla ya kituo cha Nairobi cha kubadilishana trafiki ya intaneti, KIXP, kuanzishwa mwaka 2000, ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine katika jiji lilo hilo ulisafiri kwa setilaiti hadi ng'ambo, kisha ukarudi kwa setilaiti. Watu wawili waliotenganishwa na barabara moja walisalimiana kupitia bara jingine. Kituo kilipofunguliwa, kilifungwa muda mfupi baadaye kufuatia malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, na hakikufunguliwa tena hadi mwaka 2002. Leo nyaya za baharini zilizofika Mombasa kuanzia mwaka 2009 zinapita maili chache kutoka chumba kile cha Kisauni. Hazikumfaa kitu msichana usiku ule. Umbali aliokuwa akitafuta kuuvuka ulikuwa ndani ya kipakatalishi kimoja.

Alilala saa kumi za alfajiri bila kuvua nguo za mchana. Hofu yake haikuwa ya mtihani peke yake. Mdogo wake wa kiume alikuwa amekubali kuanza masomo yake mwaka mmoja baadaye ili karo itoshe kumaliza ya dada. Kuahirisha mradi kungekuwa kuahirisha watu wawili.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumapili ilikuwa siku ya tatu. Asubuhi hiyo aliliacha wazo la kutumia mlango uliopo, akaanza kutafuta jinsi ya kutoboa mlango mwingine, wa ndani, usiotazama barabarani kabisa. Mlango huo upo. Tangu toleo la 2.4 lililotoka mwaka 2001, kiini cha Linux kina chombo kiitwacho TUN/TAP, kilichoandikwa na Maxim Krasnyansky. Tap ni kadi ya mtandao isiyo na chuma. Upande wake mmoja huonekana na mwenyeji kama kadi yoyote nyingine: hupewa anwani, huwashwa, huzimwa. Upande wa pili, mahali ambapo kadi ya kawaida ingekuwa na tundu la waya, pana programu iliyoshika faili. Mwenyeji akituma pakiti kwenye kadi hiyo, programu huisoma. Programu ikiandika pakiti, mwenyeji huipokea kana kwamba imetoka kwenye waya. Hapo neno la mgeni linakuwa linaingia kwa mwenyeji badala ya kumpita likienda nje.

Aliandika katika daftari lake la mazoezi, kisha kwenye dirisha jeusi:

sudo ip tuntap add dev tap0 mode tap user $USER
sudo ip addr add 10.10.10.1/24 dev tap0
sudo ip link set tap0 up

Amri ya kwanza huumba kadi na kumruhusu mtumiaji wa kawaida kuishika, kwa sababu bila ruhusa hiyo GNS3 ingelazimika kuendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, jambo lisilo la busara. Ya pili huipa anwani. Ya tatu huifungua. Katika vitabu vya zamani kazi hizo zilifanywa kwa tunctl na ifconfig, na anayevisoma hana budi kutafsiri. Kisha akalifungua wingu la GNS3, akalifunga kwenye tap0 badala ya kadi ya waya, akaipa R1 anwani ya 10.10.10.2 na kuuwasha mlango wake kwa amri ya no shutdown, maana milango ya ruta za Cisco huanza ikiwa imefungwa hadi mwenyewe aseme isifungwe. Ni desturi ya lugha ya ajabu, kuuambia mlango usijifunge badala ya kuuambia ufunguke.

Akapiga hodi kutoka kwa mwenyeji. Karibu ikasikika.

Haikuwa mwisho, lakini yaliyosalia yalikuwa mambo ya njia tu. Mwenyeji aliijua R1 peke yake, hivyo alielezwa kuwa mitandao iliyo nyuma yake hufikiwa kupitia kwake: sudo ip route add 10.20.0.0/16 via 10.10.10.2. R2 ikajibu mara tu ilipopewa njia ya kurudishia majibu, lakini R3 ikanyamaza. Alipofungua uchunguzi ndani ya R3 aliona hodi zikifika moja baada ya moja, na kila jibu likiandikwa kuwa halina njia. R3 ilisikia, ikataka kuitikia, haikujua mwenyeji anakaa wapi. Mafundi chipukizi hushughulikia safari ya kwenda na kuisahau ya kurudi. Akaiwekea R1 njia ya jumla inayoelekea 10.10.10.1, kisha akaifanya R1 itangaze kwa wenzake kupitia OSPF kuwa asiyejua pa kwenda amletee yeye. R3 ikaitikia.

Mwisho alitaka ruta zifike kwenye intaneti, angalau zisome saa sahihi. Hapa daftari la bawabu lilirudi kwa mlango wa nyuma. Linux iliagizwa kupitisha pakiti za wengine, sudo sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1, na kuzivisha jina lake kabla hazijatoka: sudo iptables -t nat -A POSTROUTING -o wlp3s0 -j MASQUERADE. Pakiti ya R3 ikifika mlango wa Wi-Fi, hutoka kwa MAC ya kadi iliyoandikishwa na kwa anwani ya IP ya mwenyeji. Rununu inamwona mpangaji inayemjua. Jibu likirudi, mwenyeji hutazama kumbukumbu zake, akajua barua hiyo kwa kweli ni ya nani, akaifikisha. Yule ambaye Ijumaa alizuiwa langoni, Jumapili alipita kwa kupeleka maneno yake kupitia kinywa cha mwenye chumba.

Programu ya mradi nayo ikagoma kidogo. Ruta zile zilitumia mbinu za kale za usimbaji, na SSH ya siku hizi ikazikataa hadi ziliporuhusiwa kwa majina. Saa tano za usiku, mafaili matatu ya usanidi yalikuwa yamelala kwenye diski, R1, R2 na R3. Msichana aliyasoma yote matatu, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

Jumatatu stima ilikatika alfajiri. Betri ya kipakatalishi ilikuwa kongwe, na kilipowashwa chuoni, mbele ya jopo, kilikuwa kimezimika usiku na kuanza upya. Alifungua GNS3 na wingu likamlalamikia kuwa halioni tap0. Kadi isiyo na chuma haibaki mashine inapozimwa, mpaka iwe imeandikwa katika mipangilio inayosomwa wakati wa kuwaka, na katika furaha ya Jumapili hakuwa amekumbuka kuiandika. Njia ilipotea pia, na upitishaji, na uvishaji jina. Mhadhiri mmoja alitazama saa yake ya mkononi. Msichana alifungua mkoba, akatoa daftari la mazoezi, akaliweka kando ya kibodi, akaiandika ile mistari sita mmoja baada ya mwingine bila kuinua uso. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha vibonye kusikika. Akaziwasha ruta, akasubiri ziamke, kisha akaigeukia R1 na kumpigia mwenyeji hodi.

Kikatokea kitu hiki kwenye kioo kikubwa: .!!!!

"Asilimia 80," alisema mhadhiri aliyekuwa akitazama saa. "Hodi moja imepotea. Mtandao wako una kasoro?"

"Hapana, mwalimu. Hodi ya kwanza ndiyo huwa inapotea. Ruta inajua anwani ya IP ya mwenyeji, lakini haijui bado anwani yake ya MAC. Kwa hiyo inauliza kwanza kwenye waya, nani hapa mwenye 10.10.10.1? Wakati inasubiri ajitambulishe, pakiti ya kwanza inatupwa. Akishajitambulisha, jina lake linaandikwa."

"Linaandikwa wapi?"

"Katika jedwali la ARP, mwalimu. Ni kama daftari la wageni."

"Rudia hiyo amri."

Alirudia. Alama tano za mshangao zikajipanga. Kisha akaiendesha programu, na majina ya mafaili matatu yakaonekana moja baada ya jingine.

Jioni alipofika Kisauni, bawabu alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake cha plastiki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Na yule mgeni wako?"

"Ameandikishwa, babu."

"Vyema." Mzee alitia mkono mfukoni akatoa rununu ndogo ya vibonye. "Basi nichajie hii ndani kwako, mwanangu. Langoni hapa hakuna stima, na zamu yangu ni mpaka asubuhi."